Mers-el-Kébir 1940: Uingereza na Ufaransa walikuwa washirika, ikawaje wakapigana wenyewe kwa wenyewe?

Chalii_wa_Boma:

Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie maana hapa kijiweni tumebishana mpaka sauti zimekauka na hakuna aliyekubali kushindwa. Shuleni vita ya pili ya dunia tulisomeshwa juu juu tu, Uingereza na Ufaransa upande huu, Ujerumani na Italia upande ule, basi, mtihani umeisha. Sasa juzi nimekutana na habari ya Mers-el-Kébir, bandari ya huko Algeria karibu na Oran, kwamba tarehe 3 Julai 1940 manowari za Uingereza zilifika pale zikazichapa manowari za Ufaransa zikiwa zimefungwa gatini, wakafa Wafaransa 1,297. Na hawa hawa tarehe 28 Machi mwaka huo huo walitoa tamko la pamoja London kwamba hakuna atakayefanya amani na Mjerumani peke yake bila mwenzake kukubali.

Sasa nani alimgeuka nani kwanza? Mshkaji mmoja anasema Wafaransa walivunja ahadi wao kwa kusalimu amri kwa Hitler, mwingine anasema Mwingereza alishakimbilia bandari ya Dunkirk kaskazini mwa Ufaransa kurudi kwao kitambo akamwachia mwenzie msala. Na baada ya damu kumwagika hivyo waliwezaje tena kurudi kupigana upande mmoja? Nataka maelezo, sio matusi.

mzee_wa_ramani:

Chalii swali lako zuri ila ukitaka jina la mtu mmoja wa kumtundika hutalipata, hawa watu walikuwa wanapigana vita mbili tofauti ndani ya vita moja. Mfaransa adui yupo ndani ya nchi yake, akishindwa ameshindwa. Mwingereza ana bahari katikati, akipoteza jeshi lote bara anaweza kurudi nyumbani akaanza upya. Kila kilichofuata kimetoka hapo.

Angalia namba kwanza. Mei 1940 Mjerumani anaanza, Uingereza ilikuwa na divisheni 10 tu mstari wa mbele, Ufaransa zaidi ya 80. Kwahiyo kamanda wa Waingereza, Lord Gort, akawekwa chini ya majenerali wa Kifaransa, ila mfukoni ana ruhusa kwamba akiona amri inahatarisha jeshi lake anaweza kukata rufaa kwa serikali yake London. Yani upo chini ya mtu lakini una mlango wa nyuma. Baraza kuu la vita la pamoja lilikuwepo tangu Septemba 1939, kazi yake ilikuwa vikao, mawaziri wakuu wanakutana wanaongea wanaagana, jenerali mmoja wa kuamuru majeshi yote mawili na akasikilizwa kweli hakuna.

Tarehe 15 Mei asubuhi waziri mkuu wa Ufaransa Paul Reynaud anampigia simu Churchill anamwambia tumeshindwa, siku ya sita ya mashambulizi hiyo. Kesho yake Churchill anaruka kwenda Paris, anamuuliza Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, jeshi la akiba liko wapi, Gamelin anamjibu hakuna. Na nje ya dirisha makarani wa wizara ya mambo ya nje wanachoma mafaili bustanini, moshi unapanda. Sasa wewe ndio mshirika umekuja kuahidi msaada, ukishaona moshi ule unarudi kwenu unawaza nini? Siku hiyo hiyo kamanda wa ndege za kivita za Uingereza, Dowding, aliandika barua kuitahadharisha serikali yake kwamba wakiendelea kumwaga ndege Ufaransa watabaki uchi.

Dunkirk sasa. 26 Mei mpaka 4 Juni walivushwa watu 338,226. Wanaomsema Mwingereza wana hoja, maana mpaka kikao cha Paris cha 31 Mei walikuwa wameshatolewa kama 165,000 na Wafaransa humo ni 15,000 hivi, Weygand aliyempokea Gamelin akauliza Wafaransa wako wapi, ndipo Churchill akasema kuanzia sasa tunaondoka tumeshikana mikono. Na kweli siku za mwisho walivushwa Wafaransa wengi, wakafika zaidi ya laki moja. Lakini waliobaki kulinda mji mpaka dakika ya mwisho ni Wafaransa, na waliobaki hao maelfu kwa maelfu wakachukuliwa mateka. Kule Lille nako jeshi la kwanza la Ufaransa lililozingirwa lilishikilia mpaka 31 Mei likawavuta Wajerumani wasiende pwani. Bila hao Dunkirk isingekuwa muujiza wa mtu yeyote.

Baada ya hapo ni kuvutana tu. Kikao cha Briare 11 Juni Weygand anataka ndege zote za Mwingereza zije sasa hivi, anasema hapa ndipo vita inaamuliwa. Churchill anamwambia hapana, itaamuliwa siku Hitler atakapotugeukia sisi. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa nchi yake. Na usiku ule ule kuna kituko, ndege za Uingereza zilikuwa uwanja wa Salon kusini mwa Ufaransa zikitaka kwenda kupiga Italia iliyoingia vitani jana yake, Wafaransa wakaendesha malori wakayapanga katikati ya njia ya kurukia ili zisiondoke, wanaogopa Muitaliano atalipiza kwenye miji yao. Ushirikiano ulishafika hapo.

Sasa la manowari. Ufaransa ilikuwa na jeshi la majini kubwa la kisasa. 22 Juni wanasaini kusitisha mapigano na Mjerumani, kifungu cha 8 kinasema meli zikusanywe bandarini zivuliwe silaha chini ya usimamizi wa Ujerumani na Italia, na Hitler anaahidi hatazitumia. Admirali Darlan, mkuu wa jeshi la majini la Ufaransa, naye alishawaahidi Waingereza meli hazitaenda kwa Mjerumani kamwe. London wakajiuliza, ahadi ya Darlan tunaiamini kidogo, ya Hitler tuiamini vipi? Meli zile zikiungana na za Italia na Ujerumani, Mwingereza kwisha kazi. Ndipo ikaja Operesheni Catapult, mpango wa kuzichukua au kuziangamiza meli za Ufaransa. Na lipo jingine, Churchill alihitaji Marekani iamini kwamba Uingereza haitasalimu amri, na sidhani kama kuna barua ingemwambia Roosevelt hilo kuliko mizinga ya 3 Julai.

Kidume_cha_Kwamtoro:

Kwa kifupi ni talaka imetoka asubuhi, jioni ex anakuja kuchoma gari ili asilipande bwana mpya 😂😂 mengine mbwembwe

mama_Brest:

Kidume unacheka ila kuna watu 1,297 hapo.

Mimi naishi Brest, magharibi kabisa mwa Ufaransa, mji wa wanamaji huu, na huku Bretagne hii habari haijafa. Mabaharia wengi wa jeshi la majini la Ufaransa walikuwa wanatoka mkoa huu, na meli iliyolipuka siku ile ikaua watu 977 peke yake inaitwa, fikiria, Bretagne. Jirani yangu mzee alipoteza mjomba pale, hana neno na Waingereza wa leo, ila ukimtajia Churchill anainuka anaenda jikoni.

Nataka niongeze kitu ambacho mzee_wa_ramani amekipita haraka, siku yenyewe ilivyokwenda, maana hapo ndipo utaona diplomasia inavyofeli kwa vitu vidogo. Admirali Somerville wa Uingereza amefika alfajiri na Hood, Valiant, Resolution na meli ya kubebea ndege Ark Royal. Hataki kupiga, alishawaandikia wakubwa wake London kuomba nguvu isitumike, wamemkatalia. Anamtuma Kapteni Holland, huyu alikuwa mwambata wa jeshi la majini ubalozini Paris, Kifaransa anakijua, hao anaoenda kuongea nao anawafahamu. Admirali Gensoul wa Ufaransa anakasirika ameletewa kapteni badala ya admirali mwenzake, anakataa kumuona! Anamtuma luteni wake Dufay, rafiki wa Holland, wakawa wanapelekeana karatasi kwenye maboti katikati ya bandari, jua la Julai la Algeria, masaa yanaenda.

Masharti yalikuwa ujiunge nasi, au uje bandari ya Uingereza na mabaharia wachache, au uende Martinique ukavue silaha huko, hata kuziweka mikononi mwa Marekani, au uzizamishe mwenyewe ndani ya masaa 6. Usipofanya lolote tunapiga. Gensoul akapeleka ujumbe kwa wakubwa wake Ufaransa akiwaambia tu kwamba ameambiwa azizamishe meli ndani ya masaa 6 ama atapigwa. Ya Martinique hakuyasema. Kwahiyo waliompa amri ya kujibu mizinga kwa mizinga hawakujua kuna mlango wa heshima.

Alikuja kumkaribisha Holland ndani ya manowari Dunkerque saa kumi na robo jioni. Wakakaa ndani kwenye joto, na mazungumzo yakaanza kuelekea mahali, Gensoul akamuonyesha amri ya siri ya Darlan kwamba meli zikitaka kunyakuliwa na adui zipelekwe Marekani au zizamishwe. Lakini London walikuwa wamenasa mawasiliano ya Wafaransa wanaita meli nyingine zije kusaidia, wakamwambia Somerville maliza haraka. Holland akaondoka saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, na nusu saa baadae mizinga ikaanza, boti lake halijafika mbali. Strasbourg ikapenya ikakimbilia Toulon, Bretagne ikapinduka.

Kesho yake Churchill anaeleza bungeni, wabunge wanasimama wanashangilia, yeye mwenyewe machozi yanamtoka. Hicho cha kushangilia huku hawakisahau.

Na kwa taarifa yenu Novemba 27, 1942 Wajerumani walipoingia Toulon kuzichukua meli, Wafaransa walizizamisha wenyewe bandarini, meli zaidi ya 70, na Strasbourg na Dunkerque zikiwemo. Neno la Darlan lilisimama.

Mwanaharakati_Nyali:

Hapa Mombasa tunao mkono wetu kwenye hii hadithi na naona mmeisahau. Chalii ameuliza walirudi vipi kupigana pamoja, jibu ni kwamba kwanza waliendelea kupigana WENYEWE kwa miaka miwili. Dakar Septemba 1940, Mwingereza na de Gaulle, jenerali Mfaransa aliyekataa kusalimu amri, wanajaribu kuichukua, wanachapwa wanarudi. Syria na Lebanon Juni na Julai 1941, hapo Wafaransa wa de Gaulle wanapigana na Wafaransa wa Vichy (serikali ya Pétain iliyosalimu amri), ndugu kwa ndugu, na walipomaliza wale wa Vichy wakapewa uchaguzi, wengi mno wakachagua kurudi kwao kuliko kumfuata de Gaulle.

Afu Madagascar. Aprili 1942 Wajapani wamepiga Ceylon, meli za Mwingereza za bahari ya Hindi zikahamia Kilindini, sasa ikawa hofu, Mjapani akipewa bandari ya Diego Suarez kule Madagascar na Vichy, njia ya kwenda Misri na India kupitia mlango wa Msumbiji imefungwa, maana Mediterania ilikuwa haipitiki vizuri wakati huo. Ndo tarehe 5 Mei 1942 wakashuka Diego Suarez wakaichukua kwa siku tatu. Na kuna ujanja pale, manowari ndogo HMS Anthony iliingia usiku hadi ndani ya bandari ikawashusha wanamaji 50 nyuma ya mgongo wa Wafaransa, walizua vurugu utadhani ni elfu moja.

Mwisho wa mwezi nyambizi ndogo za Kijapani zikaingia kweli Diego Suarez zikaipiga manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta, kwahiyo hofu haikuwa ya kubuni.

Lakini gavana Armand Annet hakukubali, akarudi nyuma kusini. Septemba ndo wanaingia watu wetu, brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza), walipitia Majunga wakapanda mpaka Antananarivo, mji ukaanguka tarehe 23 Septemba. Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa humo. Alichokuwa anakisimulia sio risasi, ni mawe na magogo, Wafaransa walikuwa wanakata miti wanailaza barabarani na kujenga kuta za mawe kila kona, madaraja yamevunjwa, kwahiyo kazi ya askari ikawa kubeba mawe kuanzia asubuhi, mnaondoa ukuta huu mnaukuta mwingine mbele. Anasema hakuelewa mpaka mwisho, wameambiwa vita ni ya Mjerumani na Mjapani, halafu unafika unakuta wa kumpiga ni Mfaransa, na nyuma ya Mfaransa ni Msenegali na Mmalagasi. Annet alijisalimisha mwanzoni mwa Novemba, karibu miezi 6 tangu ile ya Mei.

Na de Gaulle? Hakuambiwa. Mshirika wa Uingereza, kiongozi wa Ufaransa Huru, anaishi London, anapata habari za kuvamiwa koloni la nchi yake kwa simu ya mwandishi wa habari usiku. Alichachamaa. Walichomtuliza nacho ni kukabidhiwa kisiwa baadae, akapelekwa Jenerali Legentilhomme.

Chalii_wa_Boma:

Aisee nimepata zaidi ya nilichoomba. Mwanaharakati hiyo ya Keya kubeba mawe sijawahi kuisikia popote.

Ila nauliza tena, mbona vita ya kwanza waliweza? Miaka minne pamoja kwenye mahandaki na hawakupigana wenyewe. Na nimesikia eti Churchill alitaka Uingereza na Ufaransa ziwe NCHI MOJA, hiyo ni kweli au stori za vijiweni?

mzee_wa_ramani:

Vita ya kwanza waliweza kwa sababu walichelewa kushindwa, hiyo ndo tofauti. Usidhani walipendana. Haig, kamanda wa Waingereza, na Wafaransa walikuwa wanakwaruzana muda wote, 1917 waziri mkuu wa Uingereza Lloyd George alimweka Haig chini ya Jenerali Nivelle wa Ufaransa kwenye kikao cha Calais bila hata kumtaarifu vizuri, Haig akanuna, Nivelle akashindwa, mpango ukafa. Kilichowaunganisha ni woga. 21 Machi 1918 Mjerumani anapiga pale majeshi mawili yanapopakana, Pétain, wakati huo kamanda wa Wafaransa, anafikiria kurudi kulinda Paris, Haig anafikiria bandari za kaskazini, yani kila mtu anavuta upande wake na katikati panafunguka. Siku tano baadae, 26 Machi, wanakutana ukumbi wa manispaa ya Doullens, Clemenceau, Poincaré, Milner, Haig, Pétain, na Haig mwenyewe ndiye anakubali Jenerali Foch wa Ufaransa aratibu majeshi yote. Aprili Foch akapewa cheo kamili cha jenerali mkuu wa majeshi ya washirika. Sasa 1940 ule woga ulikuja ila muda haukuwepo, toka mashambulizi yaanze mpaka kusaini ni wiki 6.

Nchi moja ni kweli kabisa. 16 Juni 1940, wazo lilitoka kwa kina Jean Monnet, Wafaransa waliokuwa London, Churchill mwanzoni hakulichangamkia, baraza lake likalipitisha mchana ule ule. Kila Mfaransa anakuwa raia wa Uingereza papo hapo, kila Mwingereza raia wa Ufaransa, baraza moja la vita, mabunge yanaunganishwa. De Gaulle akamsomea Reynaud kwenye simu, Reynaud yupo Bordeaux serikali ilikokimbilia, anaandika kwa penseli amefurahi kama kaokoka. Akalipeleka kwa mawaziri wake, likafa mle mle. Pétain akasema ni kuungana na maiti. Mwingine akasema bora kuwa mkoa wa Wanazi, angalau tunajua maana yake. Reynaud akajiuzulu jioni, Pétain akashika.

Kibaya zaidi, mchana ule London walikuwa wameshatuma ujumbe kwamba Ufaransa inaruhusiwa kuuliza masharti ya Mjerumani ILA meli zote ziende kwanza bandari za Uingereza. Afu wakaurudisha ule ujumbe ili wapishe hili tamko la muungano. Kwahiyo sharti la meli, ambalo ndilo lililokuja kuua watu Julai, lilipotelea kwenye vurugu za mchana mmoja. Mimi hapo ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote, na ni la London.

Mama Brest kuhusu Toulon nakupinga kidogo. Walichofanya 1942 hakikujulikana Julai 1940. Churchill hakuwa mganga wa kienyeji, aliamua kwa alichokiona siku ile, na alichokiona ni Pétain ndani ya serikali na Hitler ndani ya Paris.

mama_Brest:

Alichokiona siku ile sikatai. Ila siku hiyo hiyo ya 3 Julai, Alexandria kule Misri, kulikuwa na kikosi kingine cha Wafaransa chini ya Admirali Godfroy, na Admirali Cunningham wa Uingereza alipewa amri zinazofanana. Habari za Oran zilipofika Godfroy akatangaza hatambui makubaliano yoyote, akaanza kuwasha injini aondoke, mizinga ya pande zote imeelekezana ndani ya bandari, umbali wa kutupiana mawe. London wanamhimiza Cunningham amalize. Akachelewesha. Asubuhi ya tarehe 4 akawatuma makapteni wake kila mmoja asogelee meli ya Kifaransa, waongee na makapteni wenzao na mabaharia moja kwa moja, waandike kwenye mabango makubwa kwamba hatutaki kuwaua. Mchana Wafaransa wakaenda kwa Godfroy wenyewe kumshauri, akakubali, mafuta yakamwagwa, vifungo vya mizinga vikatolewa, mabaharia wakapunguzwa. Hakufa mtu. Meli zile zilikaa pale mpaka 1943 zikajiunga na washirika zikiwa nzima.

Kwahiyo muda ulikuwepo kwa aliyeutaka.

mzee_wa_ramani:

Cunningham alikuwa na bahati, Godfroy amezingirwa ndani ya bandari ya Mwingereza hana pa kwenda. Gensoul alikuwa kwao na msaada unakuja. Ila nakubali angemtuma admirali badala ya kapteni labda saa nne asubuhi wangeshakaa mezani.

Kidume_cha_Kwamtoro:

Haya mimi niongeze moja ya kweli msije mkasema nacheka tu. 1956 wakati wa sokomoko la Suez, waziri mkuu wa Ufaransa Guy Mollet alimwendea mwenzake wa Uingereza Anthony Eden London akamrudishia lile wazo, kwamba nchi ziungane. Eden hakulitaka, ikazungumzwa basi hata Ufaransa iingie Jumuiya ya Madola imtambue malkia. Nalo likafa. Karatasi zake zilikaa kwenye nyaraka huko bila kuzungumzwa mpaka 2007 ndo watu wakajua. Sasa mama_Brest kamuulize jirani yako angekubali picha ya malkia ukumbini au naye ataenda jikoni